Jalada la Mwezi wa Nane

Mzee Ubeid aliniita kwa jina langu na la baba yangu, na hapo ndipo nilipojua kwamba mambo yameharibika.

"Polycarp Tarsis," alisema, bila kuinuka nyuma ya meza yake ya vitambaa. "Funga huo mlango. Kaa."

Kwa miezi mitano alikuwa akiniita "mwanangu mpiga picha." Duka lake la Mtaa wa Sikukuu halikuwahi kufungwa mchana isipokuwa Ijumaa kwa swala. Siku ile ilikuwa Jumatano, saa nne asubuhi, na wateja walikuwa wanapita nje wakichungulia. Nilifunga mlango, nikakaa kwenye kiti ambacho wanawake hukalia wakichagua kanga.

Gazeti lilikuwa mezani. *Sura za Mji*, toleo la mwezi wa nane, mwaka wa sabini na tatu. Jalada zima lilikuwa limejaa uso wa binti yake. Zeina alikuwa anacheka. Ushungi wake ulikuwa umemwangukia mabegani, nywele zimemwagika upande mmoja mpaka kifuani, na macho yake yalikuwa yanatazama juu kidogo ya kamera. Chini yake waliandika kwa herufi nyekundu: ZEINA. SAUTI UNAYOIJUA, SURA USIYOIJUA.

"Hii ndiyo picha uliyonionyesha?" aliniuliza.

"Hapana, mzee."

"Niliyoikubali ilikuwaje?"

"Alikuwa amejifunga ushungi. Alikuwa ametulia."

"Na mimi nilikwambia nini siku ile?"

"Ulisema umenipa uso. Uso tu."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nilisema nimekuahidi."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetaka kusikia jambo hilo likisemwa kwa mdomo wa mwenyewe. Hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga kelele.

Kila mtu mjini alikuwa anaijua sauti ya Zeina. Kila jioni saa kumi na moja alisoma salamu za wasikilizaji redioni, na Kariakoo nzima ilipunguza kelele ili kumsikiliza. Mafundi cherehani walisimamisha mashine. Wauza samaki walisogea karibu na redio za wenye maduka. Mzee Ubeid alimruhusu kufanya kazi ile baada ya kubembelezwa mwaka mzima, kwa sababu moja tu aliyowaambia ndugu zake waliompinga: sauti haina nywele. Mkewe alikuwa ameshafariki, alibaki na mabinti wawili, Zeina na mdogo wake Azza, na hakuwa na moyo wa kuwanyima kila kitu.

Mimi nilikutana na Zeina alipokuja studio kwangu, Mtaa wa Msimbazi, kupiga picha ya kitambulisho cha kazi. Nilimwambia atabasamu kidogo.

"Kitambulisho hakitaki tabasamu," alinijibu.

Nikainua kichwa kutoka kwenye kamera. "Wewe ni Zeina. Wa redio."

"Na wewe ni mpiga picha anayechelewesha watu."

Basi, nikaisha. Tangu siku ile alipita karibu kila alasiri kabla ya kwenda redioni. Alisimama mlangoni na buibui lake, mlango wazi, dakika kumi, kumi na tano. Tuliongea juu ya barua za wasikilizaji, juu ya watu waliokuja kupiga picha, juu ya vitu visivyo na maana. Sikuwahi kumgusa isipokuwa mara moja nilipompa chenji, vidole vyetu vikakawia, na sote wawili tukatazama chini kama watoto walioshikwa na sukari mdomoni. Nilikuwa nimeanza kuzoeana na baba yake. Nilimpelekea picha ya marehemu mkewe niliyoikuza na kuipaka rangi kwa mkono, akalia mbele yangu. Nilijua dini zetu mbili ni mlima. Lakini nilianza kuamini kwamba mzee yule, siku moja, angenisikiliza.

Ndipo Isidori akanijia. Isidori alikuwa mhariri wa *Sura za Mji*, mtu wa suruali pana na viatu vya kisigino kirefu, na mimi ndiye niliyempigia picha za majalada: waimbaji wa bendi, wachezaji mpira, mabondia.

"Wasomaji wamechoka na wale wale," aliniambia. "Nataka Zeina. Kila kijana mji huu analala anamuwaza na hajui anafananaje."

"Baba yake hatakubali."

"Baba yake ana umri gani? Poli, nenda Ilala, nenda Upanga, ingia chumba cha msichana yeyote. Ukutani kuna nini? Zamani kulikuwa na picha ya babu aliyekufa. Sasa kuna jalada langu. Wanasuka kama jalada, wanashona kama jalada, wakicheka wanacheka kama jalada. Wazee wanafikiri watoto wanawatazama wao."

Nilicheka siku ile. Nilimwona mtu hodari.

Zeina alitaka. Lazima niseme hivyo, maana baadaye watu walidai nilimrubuni. Aliomba ruhusa kwa baba yake mwenyewe, na mzee akakubali kwa sharti la ushungi. Alikuja Jumamosi mchana pamoja na Azza. Nilipiga picha nane za heshima, zote nzuri, zote zimekufa. Nilipokuwa naandaa ya tisa Azza akaniigiza, namna ninavyofumba jicho moja na kutoa ulimi nikitazama kwenye kamera. Zeina akaangua kicheko. Feni ikaupuliza ushungi. Kidole changu kikabonyeza chenyewe.

Aliurudisha ushungi haraka. "Hiyo usiisafishe," alisema.

"Sawa."

"Polycarp. Niahidi."

"Nimeahidi."

Niliisafisha usiku uleule. Ilipoanza kutokea kwenye dawa, kwanza macho, kisha meno, nilishika ukingo wa beseni kwa mikono miwili. Miaka sita ya kupiga picha na sikuwahi kupata kitu kama kile. Kesho yake nilimpelekea Mzee Ubeid picha ya ushungi, akaikubali, akanishika bega. Keshokutwa yake nilikwenda ofisini kwa Isidori, Posta, na ndani ya bahasha nilikuwa nimetia zote mbili. Nilijidanganya kwamba nataka tu mtu mwenye jicho aione.

Isidori aliiweka ile ya kwanza pembeni bila kuitazama mara ya pili.

"Hii nyingine haikuruhusiwa," nilimwambia.

"Basi kwa nini umeileta?"

Niliondoka, na picha ikabaki mezani kwake.

Sasa ilikuwa mbele ya baba yake.

"Yeye alijua?" Mzee Ubeid aliuliza.

"Hakujua, mzee. Naapa. Alinikataza hata kuisafisha. Kosa ni langu peke yangu."

"Nitakwambia kitu." Aliligeuza gazeti linielekee. "Tangu asubuhi ndugu zangu wameshakuja watatu. Wote wanasema nywele, nywele. Mimi nywele za mwanangu ningezivumilia. Ningewaambia upepo, ningewaambia mpiga picha mhuni. Wewe tazama macho."

Nilitazama.

"Huyu mtoto nimemlea. Najua anavyocheka na mdogo wake, najua anavyocheka na mimi. Namna hii hajawahi kunitazama mimi, wala mtu yeyote. Hapa anatazama nani, Polycarp? Nani alikuwa amesimama nyuma ya mashine?"

Nilisikia mtu nje akigonga mlango, akauliza kama duka limefungwa, akaenda zake.

"Mzee, nilikuwa nakuja kwako. Nilikuwa natafuta siku nzuri. Nampenda Zeina. Nataka kumuoa. Niko tayari kwa lolote utakalosema, hata la dini..."

"Usiitaje dini dukani kwangu leo," alinikatiza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilitetemeka. "Ungekuja wiki iliyopita ningekufukuza, halafu ningefikiri. Labda ningefikiri mwaka mzima. Lakini wewe umeutangazia mji mzima moyo wa binti yangu kabla hujaniambia mimi. Muuza njugu wa Posta amejua kabla yangu. Toka."

Nilisimama.

"Shikamoo, mzee," nilisema, sijui kwa nini. Ndivyo nilivyozoea kumsalimia.

Hakuitikia.

Nyumbani hakukuwa na kimbilio. Kaka yangu mkubwa, Kasmir, aliuza sufuria kwa jumla Mtaa wa Kongo, na tangu baba afariki yeye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Nilipomweleza, alikuwa anafunga mzigo wa kwenda Moshi, hakusimamisha mikono.

"Mimi nilijua una msichana wa Kiarabu, nikanyamaza," alisema. "Nikasema ni ujana. Sasa unataka niende kwa mama, kule Kibosho, nimwambie mkwe wake ni yule ambaye makuli wa sokoni wamembandika kwenye mikokoteni?"

"Kaka, kosa ni langu, si lake."

"Kosa la nani mama hatauliza. Ukoo wetu unaoa wasichana, Polycarp. Hatuoi majalada." Akakata kamba kwa meno. "Na wewe hutaki kusikia, lakini nitasema. Kama ungekuwa unamtaka awe mkeo, ungeificha ile picha uitazame peke yako."

Neno hilo lilinichoma kuliko la mzee, kwa sababu Kasmir hakuwahi kusoma hata gazeti moja maishani mwake na aliona alichokiona.

Siku zilizofuata nilizunguka mji kama mgonjwa. Jalada lilikuwa kila mahali. Mafundi walilibandika kwenye vioo, wasichana wa shule walilikata wakalifunikia madaftari. Katika saluni moja ya Mtaa wa Swahili nilimkuta msichana ameketi, gazeti mapajani, anamwelekeza msusi: "Nimwagie upande mmoja, kama Zeina." Isidori alinitumia salamu kwamba toleo limekwisha na anachapa tena. Nilikwenda ofisini kwake nikamwomba asichape. Alinitazama kwa huruma ya kweli.

"Poli, umewapa wasichana wa mji huu ruhusa ya kucheka. Wewe unaona haya ya nini?"

"Mmoja wao haruhusiwi hata kutoka nje."

"Basi huyo ndiye wa mwisho," alisema, akarudi kwenye kazi yake.

Siku ya tisa, alasiri, Zeina alikuja.

Sikumtambua mara moja. Buibui lilikuwa limemfunika mpaka usoni, na Azza alisimama nje amegeukia barabara. Zeina aliingia ndani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya bila sababu ya kazi, akaufunua uso. Alikuwa amekonda. Chini ya macho kulikuwa na weusi ambao taa yangu yoyote isingeuficha.

"Nina muda mfupi," alisema. "Baba anajua niko hapa. Nilimwomba."

"Zeina..."

"Ngoja. Nataka uniambie mwenyewe. Isidori aliiba ile picha?"

Nilikuwa nimeshauandaa uongo huo kichwani kwa siku tisa. Ulikuwa mdomoni kabisa. Nilimtazama, nikashindwa.

"Hapana. Nilimpelekea mimi."

Alifumba macho.

"Ilikuwa nzuri kuliko picha zote nilizowahi kupiga," nilisema. "Sikuweza kuiacha gizani. Sikutaka uumie, Zeina, nakuapia Mungu."

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa!" Sauti ile ambayo mji mzima uliijua ikakatika katikati. "Ningekataa, Polycarp. Ndiyo maana mtu anaulizwa."

Nilimsogelea, akarudi nyuma hatua moja. Hatua ile moja naiona mpaka leo.

"Nikwambie kitu kibaya?" alisema. "Siku ile ya kwanza niliiona Posta, imening'inizwa kwa muuza magazeti, kabla ya mtu yeyote kuniambia. Nilisimama. Kwa muda mfupi hivi nilifurahi. Nikasema, kumbe mimi ndiye huyu. Kumbe nikimtazama mtu ninayempenda ninakuwa hivi. Halafu nikaona mwanamume wa makamo analinunua, analitazama, analamba midomo. Nikarudi nyumbani."

"Twende tukaoane," nilimwambia. "Leo. Kesho. Twende bomani, hakuna atakayetuzuia. Kaka atakasirika, baba yako atakasirika, watazoea. Tutahamia Arusha, nitafungua studio nyingine."

"Posa ya Azza imevunjwa."

Azza alikuwa na miaka kumi na minane na alikuwa amechumbiwa na Hamud, kijana wa Gerezani, mtu mpole, na walipendana tangu walipokuwa madrasa moja.

"Mama yake Hamud alikuja Ijumaa," Zeina aliendelea. "Alikaa sebuleni kwetu akasema hawezi kuchukua binti kutoka nyumba ambayo dada mkubwa anauzwa barabarani. Azza hakulia. Aliniletea chai. Unasikia? Aliniletea mimi chai, akaniambia, dada, usijali. Tangu siku hiyo hajala kitu cha maana."

"Pole," nilisema, na neno lenyewe likanitia aibu.

"Jana amekuja ami yake Hamud. Awadhi. Anafanya biashara Tabora, mkewe amefariki mwaka jana. Ana miaka hamsini na mitatu." Alisema haraka, kama anavyosoma salamu za mwisho muda ukikaribia kwisha. "Amemwambia baba atanioa mimi na kunipeleka Tabora, mbali na macho ya watu. Nikishaondoka mjini, maneno yatakwisha, na Hamud atamuoa Azza kama ilivyopangwa. Yeye ndiye mkubwa wa ukoo wao. Akisema ndiyo, mama yake Hamud hawezi kusema hapana."

"Na baba yako amekubali?"

"Baba ameniuliza." Alinitazama moja kwa moja. "Yeye ameniuliza."

"Ukasemaje?"

"Nimesema ndiyo."

Niliketi kwenye kiti cha wateja, mbele ya pazia lililochorwa bustani. Nje kulikuwa na nyundo za mafundi wanaojenga soko jipya, zikigonga bila kupumzika.

"Humpendi," nilisema kijinga.

"Unajua alinijuaje? Alinunua gazeti stesheni aliposhuka kwenye treni. Azza ameliona ndani ya mkoba wake, limekunjwa vizuri, uso wangu juu. Anakuja kuisitiri aibu yetu, na aibu yenyewe kaitia mkobani." Alicheka, kicheko kikavu. "Ameshamwambia baba huko Tabora sitatoka nje. Redio nimeacha tangu Jumatatu."

"Basi usiende! Zeina, huyo mtu anataka jalada, hakutaki wewe!"

"Na wewe ulitaka nini?"

Alisubiri. Alisubiri kwa kweli, uso wake wazi, na nadhani kama ningekuwa na jibu jema hata wakati ule angelichukua. Nilifungua mdomo. Nilichokiona mbele yangu, Mungu anisamehe, ni mwanga wa dirishani ulivyomwangukia shavuni, na sehemu moja ya akili yangu ikapima umbali.

Aliliona jicho langu. Alikuwa ameshanizoea.

"Hata sasa," alisema kwa upole.

Akajifunika uso. Akatoka.

Nilimfuata mpaka mlangoni. Alikuwa ameshashikana mkono na Azza, wanapita kando ya uzio wa mabati wa soko, mabuibui mawili meusi katikati ya watu wengi. Walipofika kona, kundi la wasichana wa shule lilikuwa linakuja upande wa pili, watano au sita, wanasukumana na kucheka. Mmoja wao alikuwa amefunikia daftari lake kwa jalada. Walipita karibu naye kiasi cha kugusana mabega, na hawakumjua.

Jina lake lilikuwa mdomoni mwangu. Ningeita mara moja tu, angegeuka. Namjua, angegeuka, na pengine angerudi. Lakini wasichana wale wangegeuka pia, na wauza nyanya, na makuli, na barabara nzima ingekimbilia kumtazama mwanamke aliyejifunika akipita njia.

Nilishika mwimo wa mlango, nikafunga mdomo. Walikata kona kuelekea Sikukuu. Mteja aliyekuwa akisubiri picha za pasi aliniuliza kama studio iko wazi. Ijumaa Zeina na Awadhi walipofunga ndoa, nilikuwa nimeshamrudishia mwenye nyumba funguo za studio, na sijampiga mtu picha tena.